Nani Yuko Upande wa Pili wa Boksi?

Mwenyekiti, wazee wetu, wazazi wenzangu, ndugu na vijana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya maboksi ya televisheni, yale madogo yanayochomekwa nyuma ya runinga na kuuzwa kwa ahadi kwamba ukilinunua leo utaagana na bili ya kebo maisha yako yote. Kazi yangu ni mitandao ya intaneti ya majumbani na ya ofisi ndogo, na maboksi haya nimeyafungua mengi. Lakini sitaanza na boksi wala na sheria. Nitaanza na nyumba ya dada yangu.

Dada yangu alipata barua kutoka kwa kampuni inayompa intaneti. Iliandikwa kwamba laini yake imetumika kushambulia mitambo ya watu wengine, na kwamba hali hiyo isiporekebishwa huduma itakatwa. Alinipigia simu akilia. Dada yangu ni mwalimu, anaishi na wanawe wawili na mama yetu, na kompyuta iliyomo nyumbani mwake ni moja tu. Nilipofika nilimkuta mpwa wangu mkubwa, kijana wa miaka 16, amekaa pembeni kimya. Nyumba nzima ilishaamua kwamba mkosaji ni yeye, kwa kuwa ndiye anayeshinda kwenye simu.

Nilikaa mbele ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nikawa nachomoa kifaa kimoja baada ya kingine, huku natazama data inayotoka nje. Nikazima kompyuta, hali ikabaki vilevile. Nikazima simu ya kijana, vilevile. Mwisho nikachomoa boksi lililokuwa chini ya runinga, na runinga yenyewe ilikuwa imezimwa tangu usiku wa jana. Data iliyokuwa ikimiminika ikakoma papo hapo. Nikalichomeka tena, na baada ya dakika chache ikaanza upya. Boksi ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama lilikuwa likizungumza na mashine za mbali usiku na mchana.

Mpwa wangu aliinuka akatoka nje bila kusema neno. Kwa siku tatu alikuwa amesemwa kwa jambo lililofanywa na kifaa ambacho mama yake alikinunua kwa nia njema kabisa, ili apunguze gharama za nyumba. Mpaka leo nikikumbuka uso wake naumia.

Tangu siku hiyo watu wakinijia huwa na maswali mawili. Wengine huuliza, "Hivi boksi hili ni halali?" Wengine huuliza, "Hivi lina virusi?" Huyauliza kana kwamba la kwanza ni la wanasheria na la pili ni la mafundi. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ni swali moja. Mtu anayekuuzia chaneli ambazo hana ruhusa ya kuziuza tayari anaishi kwa kujificha. Anajificha wenye chaneli wasimwone, anajificha polisi wasimpate. Siku boksi litakapokudhuru utagundua kwamba hata wewe uliyemlipa huwezi kumpata.

Sasa tulichukue lile neno ambalo kila muuzaji analo mdomoni: "Boksi lenyewe ni halali." Hapo anasema kweli, na ndiyo maana tunanasa. Boksi ni kompyuta ndogo. Lina chipu, kumbukumbu, waifai na tundu la HDMI. Apple TV iliingia sokoni mwaka 2007, Roku mwaka 2008, Chromecast mwaka 2013, Fire TV mwaka 2014, na mamilioni ya watu wanavitumia vifaa hivyo bila kumkosea yeyote. Hata programu ya Kodi, ambayo jina lake limechafuliwa sana na biashara hii, ni programu huria ya kupanga na kuchezesha filamu na muziki ulio nao mwenyewe. Ilianza kama programu ya mashine ya michezo ya Xbox, ikaitwa XBMC, na mwaka 2014 ikapewa jina la Kodi. Ukiipakua kutoka kwa watengenezaji wake haiji na filamu hata moja. Wanaoiharibia sifa ni wale wanaoipachika viongezo, yaani programu ndogo za ziada, vya kuchota picha za wizi, kisha wakaliuza boksi kwa jina lake, na watengenezaji wamelalamika juu ya jambo hilo hadharani mara nyingi.

Kwa hiyo swali la sheria linahusu kinachopita ndani ya boksi, na maneno yaliyotumika kuliuza. Mahakama zimelipitia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mashine ya Betamax ya kampuni ya Sony, iliyokuwa ikirekodi vipindi vya televisheni. Kwa kura 5 dhidi ya 4 majaji walisema kifaa chenye matumizi halali ya maana hakimfanyi muuzaji kuwa mkosaji eti kwa sababu baadhi ya wanunuzi watakitumia vibaya. Wauzaji wa maboksi wanaipenda sana hukumu hiyo. Hawaitaji ile ya mwaka 2005, kesi ya Grokster, programu ya watu kupeana mafaili mtandaoni, ambapo majaji wote 9 wa mahakama hiyohiyo walikubaliana kwamba anayesambaza chombo huku akihimiza watu wakitumie kuvunja hakimiliki anabeba lawama ya kile kinachotokea.

Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja utaona jambo ambalo muuzaji hakwambii. Kinachomtia hatiani ni tangazo lake mwenyewe. Akisema "kata kebo, tazama kila mechi na kila filamu mpya bila kulipa tena", ameshatamka kwa kinywa chake kwamba boksi limetengenezwa kwa kazi ya wizi.

Na mahakama zimelisikia. Mwaka 2016 Mahakama ya Shirikisho ya Kanada iliwazuia wauzaji kadhaa kuendelea kuuza maboksi yaliyopakiwa programu za kufikia vipindi bila idhini, hata kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu juu ya muuzaji wa Uholanzi aliyekuwa akiuza kifaa kiitwacho Filmspeler. Utetezi wake ulikuwa huuhuu tunaousikia: mimi nauza kifaa, viongezo vimetengenezwa na wengine, filamu ziko kwenye tovuti za wengine. Mahakama ikasema kuuza kifaa kilichokwisha kupakiwa viungo vya kwenda kwenye kazi zilizoibwa, huku ukijua na ukikitangaza kwa ajili hiyo, ni sawa na kuzifikisha kazi hizo kwa umma, na hilo linahitaji ruhusa ya wenyewe.

Huko Marekani, Netflix, Amazon na kampuni kubwa za filamu waliwashtaki wauzaji wa maboksi ya TickBox mwaka 2017 na wa Dragon Box mwaka 2018. Kesi ya kwanza ilimalizika kwa muuzaji kukubali kulipa dola milioni 25, ya pili dola milioni 14.5. Mwishoni mwa mwaka 2020 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayoifanya biashara ya kutiririsha kazi za watu bila idhini kuwa jinai kubwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Singapore iliandika katika sheria yake mpya ya hakimiliki, iliyoanza kutumika Novemba 2021, kwamba kuuza vifaa au programu za namna hii ni kosa. Malaysia ikafuata mwaka 2022, na kwao kifungo kinaweza kufika miaka 20. Uingereza, mwezi Mei 2023, watu watano waliokuwa wakiendesha huduma moja ya chaneli za wizi walihukumiwa vifungo ambavyo jumla yake inapita miaka 30. Kiongozi wao alipata miaka 11.

Na mtazamaji je? Najua hilo ndilo mnalolisubiri. Jibu linatofautiana nchi na nchi, nami nitawaambia ninavyoliona. Ile sheria ya Marekani ya mwaka 2020 iliandikwa kwa ajili ya wenye biashara, haikumlenga mtu aliyekaa kwake anatazama. Lakini ile hukumu ya Ulaya ya mwaka 2017 ilimgusa mtazamaji pia. Wengi waliamini kwamba kutazama bila kupakua ni salama, kwa sababu ile nakala inayokaa kwenye kumbukumbu ya boksi ni ya muda mfupi na inajifuta yenyewe. Mahakama ikasema hapana, nakala hiyo ya muda haipati kinga pale mtu anapochota kwa kujua kutoka kwenye chanzo kisicho na idhini. Italia nayo ilitunga sheria mwaka 2023 inayoweza kumtoza mtazamaji faini ya hadi euro 5,000. Kwa hiyo anayekuambia "mtazamaji hashikwi popote" anakudanganya, na anayekuambia "kesho polisi watavunja mlango wako" naye anakudanganya. Someni sheria ya pale mnapoishi. Mimi sikuja kumtisha mzee wa watu kwa jela, kwa sababu hatari iliyo karibu naye zaidi iko kwenye waya, na nitaifikia.

Kwanza tutazame hizo chaneli zinafikaje, maana ukijua njia yake mambo mengi yanajieleza. Mahali fulani kuna mtu mwenye kisimbuzi halali, kimoja au vingi, amevilipia kama mteja yeyote. Picha inayotoka anaiondolea kinga yake, anaiingiza kwenye kompyuta, anaipandisha kwenye seva, yaani kompyuta inayogawa picha hizo kwa wengi mtandaoni. Seva hiyo ina paneli ya kuongozea wateja, yenye majina ya watumiaji, nywila na tarehe za kwisha kwa kifurushi. Mwenye paneli anauza kwa jumla kwa mawakala, wakala anauza kwa wakala mdogo, na yule aliyekuletea boksi mlangoni ni wa nne au wa tano katika mnyororo huo. Mara nyingi hata yeye hajui picha zinatoka wapi. Anajua jina la mtu kwenye simu, basi.

Tarehe 18 Septemba 2019 polisi wa fedha wa Italia walizima Xtream Codes, paneli iliyokuwa ikitumiwa na huduma nyingi sana za aina hii, na watu wa nchi mbalimbali walijikuta mbele ya kioo cheusi siku hiyohiyo. Waliolipia mwezi walipoteza mwezi, waliolipia mwaka walipoteza mwaka, na waliouziwa "ya maisha" walipoteza maisha yote waliyoahidiwa. Novemba 2024 ikaja operesheni nyingine kubwa iliyoongozwa kutoka Italia, na polisi walisema mtandao walioubomoa ulikuwa na watumiaji milioni 22. Fikirini watu milioni 22 wasiokuwa na mkataba wala risiti. Hawawezi kwenda mahakamani kudai fedha zao, kwa sababu wakifika kwa hakimu watatakiwa kueleza walikuwa wakinunua nini.

Nataka niseme neno moja hapa juu ya wanaoibiwa, kisha niliache. Tukitaja filamu tunawaza waigizaji matajiri na mabwana wa kampuni kubwa, na ni rahisi kutowahurumia. Mimi nawaza mshika taa, fundi wa sauti, mtu anayeandika tafsiri chini ya picha, mpiga picha wa mechi anayelowa mvua kando ya uwanja. Hao wanalipwa kwa sababu mahali fulani mtu analipia. Naliamini hilo kwa dhati.

Sasa nirudi kwenye waya, kwenye sebule ya dada yangu.

Maboksi mengi ya bei ya chini yanatumia Android. Hapa pana fumbo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Android ya msingi ni huria, mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua akaiweka kwenye kifaa chake bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini Android TV iliyoidhinishwa na Google ni kitu kingine. Kifaa kinapimwa usalama, kinapewa cheti cha Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu mbaya, na mtengenezaji wake anajulikana. Maboksi tunayozungumzia yanachukua ile ya msingi, yanaipaka sura inayofanana na ile iliyoidhinishwa, na mara nyingine yanaandika toleo jipya la Android kwenye skrini ilhali ndani lipo la miaka mingi nyuma. Hakuna anayeyapima, na hakuna masasisho ya usalama yatakayokuja.

Januari 2023 mtaalamu mmoja wa mifumo kutoka Kanada alieleza hadharani alichokikuta ndani ya boksi la T95 alilolinunua mtandaoni. Lilitoka kiwandani na programu hasidi ndani yake. Hakuwa amepakua kitu chochote kibaya wala kubofya kiungo cha hovyo. Alilichomeka tu, nalo likaanza kutafuta mabwana zake. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Human Security ilitoa ripoti juu ya mtandao waliouita BADBOX: vifaa 74,000 vya Android vyenye dalili za kuambukizwa, mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ukiwa umewekwa kabla kifaa hakijamfikia mnunuzi. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ikaeleza juu ya programu hasidi waliyoiita Vo1d, iliyokuwa kwenye maboksi ya televisheni yapatayo milioni 1.3 katika nchi 197. Nchi 197, ndugu zangu, hakuna aliye mbali. Desemba mwaka huo idara ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mifumo ya habari ilikata mawasiliano kati ya vifaa 30,000 nchini humo na seva zilizokuwa zikiviamrisha. Mwaka 2025 BADBOX ikarudi kwa sura mpya. Mwezi Machi ilihesabiwa kuwa na vifaa zaidi ya milioni moja. Mwezi Juni FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakatoa onyo kwa umma. Mwezi Julai Google wakafungua kesi New York, wakisema vifaa vilivyotekwa, vyote visivyo na idhini yao, vimepita milioni 10.

Vinafanya kazi gani? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili ndilo lililompata dada yangu. Kila nyumba yenye intaneti ina anwani yake, namba inayoonyesha data imetoka kwa nani. Benki, maduka ya mtandaoni na huduma za barua pepe huiamini zaidi anwani ya nyumba ya kawaida kuliko anwani ya seva isiyojulikana. Mwizi anayetaka kujaribu nywila elfu za watu hataki kuonekana anatoka kwake. Anataka aonekane anatoka kwenye nyumba ya mwalimu, yenye watoto wawili na bibi. Basi boksi linaigeuza laini yako kuwa kichochoro cha kupitia, na wenye boksi wanakikodisha kichochoro hicho kwa anayelipa. Anayeingia kwenye akaunti za watu anapita kwako, anayefungua akaunti za uongo anapita kwako, na wanaotaka kuangusha tovuti ya mtu kwa kuifurikisha maombi wanaliita boksi lako pamoja na mengine mamilioni kwa dakika moja. Lisipopata kazi hizo, linafungua kurasa zisizoonekana na kubofya matangazo kwa siri, ili mtu alipwe kwa matangazo ambayo hakuna binadamu aliyeyaona.

Barua ya lawama inakuja kwa nani? Inakuja kwa yule ambaye jina lake liko kwenye laini.

Na kumbukeni boksi hilo liko ndani ya waifai yenu, kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya kazi, na kamera ya mlangoni, na simu mnayofanyia miamala ya benki. Ukiingiza nywila ya barua pepe yako ndani yake ili upate duka la programu, umempa mtu usiyemjua. Ukilipia kifurushi kwa kadi, umempa na kadi. Usidhani utaliponya kwa kulirudisha kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu ugonjwa umetoka hukohuko kiwandani. Umo kwenye programu ya msingi ambayo urejeshaji hauigusi. Mimi nilijaribu kulisafisha lile la dada yangu kwa usiku mzima. Nikakubali kushindwa.

Watu huniuliza jinsi ya kulitambua boksi baya kabla ya kununua. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni ahadi yenyewe: chaneli za kulipia, bila kulipa wenye chaneli. Ya pili ni maelekezo ya kuzima Play Protect, au ya kuruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana, ili "chaneli ziingie". Mtu akikwambia uondoe kitasa cha mlango ili akuletee zawadi, unajua la kufanya. Jina ambalo hujawahi kulisikia, linalouzwa na duka ambalo mwezi ujao halitakuwepo, nalo ni dalili. Google wana orodha ya watengenezaji wa Android TV walioidhinishwa, iko wazi kwa umma, itazameni. Na kuna kipimo kimoja cha fundi ambacho nakipenda: fungua Netflix ndani ya boksi. Huduma za namna hiyo hutuma picha za ubora wa juu kwa vifaa vyenye kinga iliyothibitishwa tu. Boksi lisiloidhinishwa, hata likiandikwa 8K kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake, mara nyingi litapewa picha ya mistari 480, ubora wa zama za DVD. Huo si ushahidi wa virusi. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyelithibitisha.

Simlaumu anayechoka na kebo. Unalipia chaneli mia mbili, unatazama saba. Unafungwa na mkataba, bei inapanda bila kuulizwa, na ukitaka kuondoka unazungushwa kwenye simu. Hasira hiyo ni ya haki, na njia za kutoka zipo. Kwenye maeneo mengi matangazo ya bure ya kidijiti yanapatikana hewani kwa antena, na antena ukiinunua umeinunua. Zipo huduma halali za bure zinazojilipa kwa matangazo ya biashara; Pluto TV na Tubi ni mifano, ingawa hazipatikani kila nchi. Zipo pia za kulipia mwezi kwa mwezi, na hapo ushauri wangu ni kuchukua moja, kumaliza unachotaka, kuisitisha, kisha kuhamia nyingine. Kuzilimbikiza zote kwa pamoja ni kuijenga kebo upya kwa mikono yako. Nakiri kwamba hakuna hata moja ya njia hizi itakayokupa kila mechi na kila filamu kwa bei ya sahani moja ya chakula. Kitu hicho hakipo kwa njia ya halali, na yeyote anayekionyesha anakionyesha kwa mali ya mwingine.

Nimalizie na wale ambao boksi tayari liko nyumbani, maana najua mpo, na hakuna sababu ya kuona aibu. Leo mkirudi, lichomoeni kwenye umeme, siyo kulizima kwa rimoti tu, kwa sababu likizimwa kwa rimoti linaendelea kuwa macho. Badilisheni nywila ya waifai, ili hata mtu akilichomeka tena kwa kusahau lisiweze kuingia. Nywila yoyote mliyowahi kuiandika ndani ya boksi ibadilisheni kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, mkianza na ya barua pepe. Kama mlilipa kwa kadi, pigieni benki simu muombe kadi mpya. Ingieni kwenye ruta mtazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kila msichokifahamu kitoeni. Msiliuze boksi wala msimpe jirani au ndugu wa mbali, kwa kuwa mtakuwa mmempelekea barua ileile aliyoipata dada yangu. Lipelekeni panapokusanywa taka za umeme.

Lile la kwetu tulilipeleka sisi wawili, mimi na mpwa wangu. Njiani aliniuliza kama angeweza kujifunza kutazama data inayotoka kwenye ruta, kama alivyoniona nikifanya siku ile, ili siku nyingine ajue mwenyewe. Tangu hapo tunakutana kila Jumamosi. Yuko hapa, ndiye aliyekaa nyuma karibu na ile meza yenye kompyuta. Kwa saa nzima ijayo atakuwa anawasaidia wenye ruta zao kuzisoma, na mimi nitabaki hapa mbele kwa maswali. Naona mkono wa mama pale dirishani umekuwa juu muda mrefu. Karibu, mama, anza wewe.